Ngumi na Hukumu: Mabishano juu ya Mapambano ya Jack Johnson

Katika kijiji cha Kanga, kaskazini ya kisiwa cha Mafia, watoto wa zama zetu walikuwa na desturi ya kushindana mieleka mchangani baada ya alasiri, maji yanapokupwa. Kanuni ya mchezo ilikuwa moja, na kila mtoto aliijua: ambaye mgongo wake umegusa mchanga ameshindwa. Siku moja, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, niliwekwa kuwa mwamuzi. Walioshikana walikuwa mtoto wa jamaa mwenye minazi mingi, na mtoto wa nyumba ambayo watu wazima, wakiteta, waliitaja kuwa ya wazao wa watumwa. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kwa sheria katika Tanganyika tangu mwaka 1922, lakini hapajatungwa sheria ya kuikomesha kumbukumbu yake. Yule wa pili alimwinua mwenzake, akambwaga chali, mgongo mzima ukapiga mchanga. Macho yote yakanigeukia. Nikasema kwamba mguu umeteleza, na mchezo hauhesabiwi.

Jambo hili hunirudia kila nisomapo habari za Jack Johnson, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi katika uzito wa juu. Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, na si nia ya makala haya kuyasimulia tena yote. Nia yetu ni kuyatazama mabishano yaliyoandama mapambano yake, maana karibu kila pambano kubwa alilopigana lilibishaniwa kabla ya kupiganwa, lilipokuwa likipiganwa, na baada ya kwisha. Bishano moja laweza kuwa bahati mbaya. Mabishano yanayofuatana kwa miaka kumi hayana budi kuwa na chanzo. Chanzo hicho ndicho tunachokitafuta.

John Arthur Johnson alizaliwa katika mji wa bandari wa Galveston, jimbo la Texas, tarehe 31 Machi 1878. Wazazi wake wote wawili walikuwa wamepata kuwa watumwa. Alipofikia umri wa kupigana, taji la uzito wa juu lilikuwa limezungushiwa ua. John L. Sullivan, aliyekuwa bingwa hata mwaka 1892, alitangaza waziwazi kwamba hatapigana na mtu mweusi. Kwa neno hilo Peter Jackson, mtu mweusi aliyezaliwa katika visiwa vya Karibi na kukulia Australia, alifungiwa mlango, ingawa mwaka 1891 alipigana raundi 61 na James Corbett bila ya mshindi kupatikana. Na Corbett huyo ndiye aliyemshinda Sullivan mwaka uliofuata. Naye James Jeffries, bingwa tangu 1899, aliufuata mwenendo wa Sullivan. Watu weusi wakawa na taji lao la kando, na Johnson akalitwaa mwaka 1903. Kufikia hapo twaona jambo la kwanza: kabla ya mwamuzi kuinua mkono wa mshindi, hukumu ilikwisha kutolewa kwa kuamua nani aruhusiwe kuingia ulingoni na nani azuiwe.

Bishano kubwa la awali lilitokea San Francisco, tarehe 28 Machi 1905. Johnson alipigana raundi 20 na Marvin Hart, mtu mweupe wa Kentucky. Watazamaji wengi waliona kwamba Johnson alipiga kwa ustadi mkubwa zaidi, na uso wa Hart ulikuwa shahidi wao. Mwamuzi, Alec Greggains, alimpa Hart ushindi, na hoja yake ilikuwa kwamba Hart ndiye aliyekuwa akisonga mbele kushambulia. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa kuwa waamuzi wa siku zile walikuwa na haki ya kumtunza mshambuliaji. Lakini yatazame matokeo yake. Miezi michache baadaye Jeffries aliacha ngumi bila ya kushindwa, akachagua watu wawili weupe kulishindania taji, na mmoja wao alikuwa Hart. Mwezi wa Julai 1905, Jeffries mwenyewe akiwa mwamuzi, Hart akawa bingwa wa dunia. Mwezi huohuo, ng'ambo ya mlango wa bahari unaotutenga sisi wa Mafia na bara, vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Umatumbi. Sitaki kusema kwamba mambo haya mawili yalihusiana. Nataka msomaji akumbuke tu ilikuwa zama gani, na mtu mweusi aliyedai haki yake siku zile alidai mbele ya baraza la namna gani.

Taji lilitoka kwa Hart likaenda kwa Tommy Burns, Mkanada mfupi wa futi tano na inchi saba, shujaa na mwenye akili ya biashara. Johnson alimfuata Uingereza, kisha Australia. Burns hakusema daima kwamba hatapigana na mtu mweusi. Alisema kwamba atapigana kwa bei. Hugh McIntosh, mfanyabiashara wa Sydney, alikubali bei hiyo: pauni 6,000 kwa Burns, na 1,000 kwa Johnson. Walikutana tarehe 26 Desemba 1908, na mwamuzi alikuwa McIntosh huyohuyo aliyeliandaa pambano. Johnson alimtawala mwenzake tangu raundi ya kwanza, akimpiga na kumsemesha. Katika raundi ya 14 polisi wakaamuru pambano likome, na waliokuwa wakipiga picha za senema wakaambiwa wazime mitambo yao. McIntosh akamtaja Johnson kuwa mshindi.

Hapa pana jambo linalostahili kufikiriwa na mwanafunzi wa historia. Ushindi ulikuwepo, lakini picha ya mwisho wa ushindi haikupigwa. Watu elfu ishirini hivi waliokuwa uwanjani waliona. Dunia iliyobaki ikasikia. Yasiyoonekana yana mlango mpana wa kubishaniwa, na mlango huo ukafunguliwa upesi. Ilisemwa kwamba Burns alikuwa mdogo mno na kwamba hakuwa bingwa halisi, kwa kuwa taji lilikuwa la Jeffries aliyeliacha bila ya kupigwa. Mwandishi Jack London, aliyekuwapo Sydney kwa niaba ya gazeti la New York, alikiri bila ya kificho kwamba Johnson alishinda kwa umbali mkubwa. Kisha akamwita Jeffries atoke shambani kwake akaliondoe tabasamu katika uso wa Johnson. Yatazame maneno hayo mawili yalivyokaa pamoja. London hakukana hesabu ya pambano. Aliikubali hesabu, akalikataa jibu.

Kabla ya Jeffries kutoka shambani, lilitokea pambano la tarehe 16 Oktoba 1909, karibu na San Francisco, baina ya Johnson na Stanley Ketchel, bingwa wa uzito wa kati, mtu mdogo kwake kwa mwili. Yasemekana walipatana wacheze kwa upole ili picha za senema ziwe ndefu na zenye faida. Katika raundi ya 12 Ketchel alirusha ngumi iliyomwangusha Johnson. Johnson akainuka, akampiga mara moja, na Ketchel akalala. Wako wanaosema kwamba Ketchel aliyavunja mapatano, na wako wanaosema kwamba hata anguko la Johnson lilikuwa la mchezo. Bishano hili si la rangi peke yake. Ni la biashara pia. Tangu siku hizo faida ya pambano haikuwa mlangoni tu, ilikuwa katika picha, na Johnson mwenyewe alilijua hilo kuliko wengi. Anayemwandika kama mtu aliyeonewa tu, asiyejua hila za soko, haandiki habari zake.

Wakati Ketchel na Johnson walipokuwa wakipigana, mtu mmoja aliyependa sana mchezo huo alikuwa katika nchi zetu hizi. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, aliteremka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, akawinda katika nyika za Kenya, akapita Uganda na kushuka Mto Nili. Mwenyewe alipata kucheza ngumi, na Sullivan, rafiki yake, alimpa mguu wa sungura uwe kago yake ya safari. Wapagazi waliobeba mizigo yake hawakuwa na habari kwamba kago ile ilitoka kwa bingwa aliyekataa kupigana na watu wa rangi yao. Roosevelt alirejea kwao mwezi wa Juni 1910. Mwezi uliofuata aliandika katika jarida la The Outlook kutaka mapambano ya kulipwa yakomeshwe na picha zake zisionyeshwe. Kilichotokea katikati ya miezi hiyo miwili ni pambano la Reno.

Jeffries alikuwa amekaa miaka mitano bila ya kupigana, akilima na kunenepa. Walimwita magazeti, walimwita wafanyabiashara, walimwita watu wasiomjua, wote wakisema kwamba ni wajibu wake kwa jamii ya watu weupe. Akapunguza ratili karibu mia za mwili wake, akakubali. Gavana wa California akalizuia pambano, likahamishiwa Reno, katika jimbo la Nevada. Waandaaji walishindwa kupatana juu ya mwamuzi, na mwishowe Tex Rickard, mmoja wa waandaaji wenyewe, akaingia ulingoni kuamua. Kwa hiyo mara ya pili mwamuzi wa Johnson alikuwa mtu mwenye mali katika pambano. Tarehe 4 Julai 1910, siku ya uhuru wa Marekani, chini ya jua kali, Johnson alimpiga Jeffries kwa utaratibu wa mtu anayefanya kazi ya kila siku. Katika raundi ya 15 Jeffries alianguka, na kuanguka hakujapata kuwa desturi yake. Watu wake wakaingia kumwokoa.

Siku ile na usiku wake ghasia zilizuka katika miji mingi ya Marekani. Hesabu za waliokufa zatofautiana, lakini waliokufa walikuwa wengi kuliko inavyopasa mchezo wo wote, na aghalabu walikuwa watu weusi waliokutwa wakifurahi, au waliokutwa tu. Kisha yakaja maelezo. Wengine walisema kwamba Jeffries alilishwa dawa. Wengine kwamba alikuwa mzee. Wengine kwamba jua lilikuwa kali, kana kwamba Johnson alipigania kivulini. Jeffries mwenyewe, kwa sifa yake, alinukuliwa akikiri kwamba hata katika siku za nguvu zake asingemweza. Ushahidi wa mshindwa dhidi ya nafsi yake ndio ushahidi mzito kuliko wote, lakini haukuwafaa waliomtuma.

Basi wakaigeukia picha. Ya Sydney ilikatwa mwisho wake. Ya Reno ilikuwa kamili, na ilimwonyesha mtu mweusi akimwangusha mtu ambaye magazeti yalimwita tumaini la weupe. Miji na majimbo mengi ya Marekani yakaikataza. Afrika ya Kusini ikaikataza pia, na si vigumu kufahamu kwa nini: watawala wachache wanaokaa juu ya wengi hawapendi wengi waone jambo kama lile likiwezekana. Mwaka 1912 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuzuia picha za mapambano ya ngumi kusafirishwa kutoka jimbo hadi jimbo, na sheria hiyo ilidumu hata 1940.

Uingereza nayo ilifuata njia yake. Mwaka 1911 palitengenezwa pambano baina ya Johnson na Billy Wells, askari wa zamani wa mizinga, lipiganwe London mwezi wa Oktoba. Mchungaji Meyer akaongoza watu kulipinga, na Waziri wa Mambo ya Ndani, Winston Churchill, akatamka kwamba litakuwa kinyume cha sheria. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa amani na adabu. Sababu iliyosemwa kwa sauti ndogo zaidi ilikuwa dola yao: ingekuwaje katika makoloni habari zikifika kwamba bingwa wa Kiingereza amelazwa chini na mtu mweusi katika mji mkuu? Tangu wakati huo hata 1948 mtu mweusi, ijapokuwa amezaliwa Uingereza, hakuruhusiwa kulishindania taji la ngumi la Uingereza. Msomaji wa Afrika Mashariki apime miaka hiyo. Maelfu ya vijana wetu walipigania dola hiyo katika misitu ya Burma na wakarudi makwao baada ya 1945, na mlango wa taji lile ulikuwa ungali umefungwa. Dola haikuwa na haya kuitumia ngumi ya mtu mweusi vitani. Iliogopa kuihesabia pointi.

Waliposhindwa kumpata ulingoni, walimtafuta nyumbani. Sheria ya 1910, iliyokusudiwa kuzuia biashara ya kusafirisha wanawake kwa ukahaba, ilielekezwa kwake kwa sababu alisuhubiana na wanawake weupe na kuwaoa. Shtaka la kwanza la mwaka 1912 lilianguka, kwa kuwa mwanamke aliyetajwa hakutaka kutoa ushahidi, kisha akaolewa naye. Likatafutwa shtaka la pili kwa habari za zamani za mwanamke mwingine, na mwaka 1913 baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, likamwona na hatia. Akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Hakungoja rufani; akakimbilia Kanada, na kutoka huko akavuka bahari kwenda Ufaransa.

Hapa napenda kusimama, kwa sababu ndipo ambapo waandishi wengi wanaompenda Johnson huruka ukurasa. Huko Paris, mwezi wa Desemba 1913, alipigana na Jim Johnson, mtu mweusi mwenzake, na ndilo pambano la kwanza la taji la uzito wa juu baina ya weusi wawili. Lilikwisha sare baada ya raundi 10, watazamaji wakizomea. Bingwa alisema kwamba mkono wake umevunjika. Lakini jambo kubwa zaidi ni wale ambao hakupigana nao. Sam Langford, ambaye wataalamu wa mchezo humhesabu miongoni mwa mabondia hodari waliopata kuwako, alishindwa na Johnson mwaka 1906, naye hakupewa nafasi ya pili kwa muda wote Johnson alipokuwa bingwa. Joe Jeannette na Sam McVey vilevile hawakupewa nafasi. Udhuru wa Johnson ulikuwa kwamba mapambano ya weusi kwa weusi hayana fedha. Yawezekana alisema kweli juu ya fedha. Lakini ua aliouruka aliuacha umesimama nyuma yake, na kwa muda akawa mlinzi wake. Aliyedhulumiwa hapati kwa dhuluma hiyo kinga ya kutodhulumu.

Twafika Havana. Tarehe 5 Aprili 1915, miezi mitatu tangu Waingereza waitwae Mafia kutoka kwa Wajerumani, Johnson alipigana na Jess Willard wa Kansas, jitu la zaidi ya futi sita na nusu. Pambano lilipangiwa raundi 45. Johnson, aliyekwisha kutimiza miaka 37, alilitawala kwa raundi nyingi. Kisha nguvu zikampungua, na katika raundi ya 26 Willard alimpiga akaanguka. Picha moja ya mnato ilienea duniani kote: Johnson amelala chali, mkono umeinuka juu ya uso, kana kwamba ayakinga macho yasipigwe na jua. Baadaye Johnson aliuza maandiko ya kukiri kwamba alijiangusha kwa makusudi, na katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1927 alidai kwamba aliahidiwa kurudi kwao bila ya kusumbuliwa. Watu wengi waliamini, na wengi wangali wakiamini.

Tupime. Kwanza, mtu aliyepatana kuanguka hana haja ya kusimama juani raundi 25 akipokea mapigo. Willard mwenyewe alijibu kwa mzaha wa namna hiyo. Pili, ikiwa palikuwa na ahadi, haikutimizwa: Johnson hakurudi kwao hata Julai 1920, alipojitoa mwenyewe mpakani mwa Mexico na kwenda kutumikia kifungo. Tatu, aliyekiri alilipwa kwa kukiri. Nne, picha ya mnato ni kipande cha nukta moja. Picha za senema za pambano lile zamwonyesha mtu aliyechoka, aliyepigwa pigo zito. Nina hakika ya moyo kwamba Johnson alishindwa kwa haki na umri, na jua, na mtu mkubwa kuliko yeye.

Neno hili si jepesi kwa mtu mweusi kuliandika. Hadithi ya kujiangusha ni tamu kwetu: yatuambia kwamba bingwa wetu hakushindwa, aliuzwa. Lakini tukiipokea kwa utamu wake, tutakuwa tumefanya walivyofanya wale waliosema kwamba Jeffries alilishwa dawa. Wao walikuwa na jibu lao kabla ya pambano, na sisi tutakuwa na letu. Ajabu ya Havana, na yenye mafunzo, ni kwamba sheria iliyotungwa ili ushindi wa mtu mweusi usionekane ndiyo iliyozuia kuonekana kwa ushindi wa Willard. Wenye picha walikwenda mpakani mwa Kanada mwaka 1916, wakaweka mtambo upande huu na mtambo upande huu, ili picha ivuke mpaka kwa mwanga badala ya kubebwa kwa mkono. Nayo serikali ikawazuia. Waliochimba kisima kwa ajili ya mwingine walikutwa ndani yake.

Sasa twaweza kukitaja chanzo tulichokitafuta. Pambano la ngumi laweza kujibu swali moja tu: nani kati ya hawa wawili amempiga mwenziwe leo. Waliomtuma Jeffries walilibebesha swali jingine, la ubora wa jamii moja juu ya nyingine, wakadhani watapata jibu walipendalo. Walipopata jibu wasilolipenda, hawakusema kwamba swali lilikuwa baya. Walimshambulia shahidi: mara mwamuzi, mara jua, mara picha, mara mwenendo wa nyumbani wa mshindi.

Kosa hili halina rangi, na sisi wa Afrika Mashariki tumeliona kwa macho. Idi Amin, aliyeingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946, alikuwa bingwa wa ngumi wa Uganda katika uzito wa juu mwepesi kwa miaka mingi ya 1950. Baadaye, akiwa mtawala, majeshi yake yalipokwisha kuivamia Kagera mwaka 1978, alitoa rai kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Dunia ilicheka. Lakini ndani ya mzaha ule lilikuwamo lilelile wazo la Reno: kwamba aliye hodari wa kupiga ndiye mwenye haki. Watu wa Kagera waliochomewa nyumba hawakuwa na haja ya kujua nani hodari wa ngumi. Swali lao lilikuwa la haki, na vita vilivyofuata vilimwondoa Amin Kampala mwezi wa Aprili 1979.

Johnson alikufa kwa ajali ya gari katika North Carolina tarehe 10 Juni 1946, baada ya kuondoka kwa hasira katika mkahawa ambapo mtu mweusi hakuruhusiwa kuketi pamoja na wengine. Tangu Havana miaka 22 ilipita kabla ya mtu mweusi mwingine, Joe Louis, kuruhusiwa kulishindania taji lile mwaka 1937, akalitwaa. Na tarehe 24 Mei 2018 Rais wa Marekani alitoa msamaha wa serikali kwa kosa la 1913, miaka 72 tangu mhukumiwa afariki. Wako waliouliza, msamaha wa maiti wafaa nini?

Swali hilo nilikwenda nalo Kanga nilipokuwa likizoni. Yule niliyemnyima ushindi wake sasa ni mtu mzima, ana mashua yake na wana wakubwa. Tulikaa barazani kwake baada ya sala ya alasiri, nikamkumbusha siku ile, nikamwambia kwamba nilimwona mwenzake akigusa mchanga mgongo mzima, na kwamba nilisema uwongo kwa kuogopa watu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua tangu siku ile kwamba nimeshinda. Hukuwa na deni la kuniambia mimi. Waliokuwapo ndio uliopaswa kuwaambia."

Naona kwamba amenijibu kwa habari zote mbili. Hukumu ya haki ikitolewa baada ya miaka mingi haimfai sana aliyekwisha kujua ukweli wake, lakini waliofundishwa kinyume wangali wanaidai. Kwa waliokuwapo Kanga siku ile, na wengi wao wangali hai, nimeiandika hapa: mgongo uligusa mchanga, na mchezo ulihesabiwa.